Si kila kinachowasha ni aleji

Jioni moja mjini Busia nilikaa kwenye benchi la duka la dawa nikingoja zamu yangu. Mbele yangu walikuwa watu watatu. Wa kwanza, mama aliyekuja na mwanawe wa miaka kama saba, alisema mtoto ana aleji ya maziwa: akinywa kikombe kimoja tu tumbo linanguruma, linajaa gesi, kisha anaharisha. Wa pili, mzee mwenye bakora, alisema ana aleji ya dawa za malaria. Enzi za klorokwini alikuwa akimeza tu anajikuna usiku kucha, na tangu hapo hataki dawa ya malaria ya aina yoyote. Wa tatu alikuwa kijana wa bodaboda. Pua imeziba, macho mekundu, anapiga chafya kila asubuhi kabla hajatoka kitandani, na usiku kifua kinalia kama filimbi. Yeye hakusema aleji. Alisema ana mafua yasiyoisha.

Mama na mzee waliondoka na Piriton, dawa ya aleji. Kijana akapewa kapsuli za antibiotiki. Na katika watu hao watatu, ambaye dalili zake zilinuka mzio waziwazi ni yule ambaye hakulitaja neno lenyewe.

Benchi lile halijanitoka akilini. Neno aleji limekuwa gunia: tunatia humo upele, kuharisha, mafua, kuumwa na mdudu, hata chakula ambacho mtu hakipendi. Gunia likijaa hivyo, mwenye mzio wa kweli anapotea ndani yake, na asiye nao anajinyima dawa au chakula kinachomfaa.

Tuanze na maana. Mzio ndilo jina la Kiswahili, aleji ndilo la mtaani, na hapa nitayatumia yote mawili. Mzio ni hali ambapo kinga ya mwili, ile inayopigana na vijidudu, inakipokea kitu kisicho na madhara kana kwamba ni adui. Kitu hicho chaweza kuwa chavua ya maua, manyoya ya paka, karanga, au dawa iliyowaponya majirani zako wote. Cha kushika ni kwamba kitu chenyewe si sumu. Vurugu inafanywa na kinga yako, na inajirudia kila ukikutana nacho.

Neno hilo liliundwa mwaka 1906 na daktari wa watoto wa Vienna, Clemens von Pirquet. Aliona watoto waliodungwa seramu ya farasi ambao mara ya kwanza walikawia kuugua, lakini wakidungwa mara ya pili waliugua haraka na kwa ukali zaidi. Mwili ulikuwa umejifunza kitu katikati ya sindano hizo mbili, na somo lenyewe lilikuwa baya.

Fikiria soko siku ya mnada. Mgeni anapita na kapu lake, hana kosa. Mtu mmoja anamfananisha na mwizi. Siku hiyo hapigi kelele. Anaikariri tu sura ya mgeni na kuisambaza kwa walinzi wote wa soko. Wiki inayofuata mgeni akitokea tena, kilio kinapaa: Mwizi! Muda si mrefu vibanda vimepinduliwa, nyanya zimekanyagwa, watu wamevunjika mikono. Ukiuliza nani kaliharibu soko, si mgeni. Ni umati.

Ile sura iliyokaririwa ndiyo kingamwili iitwayo IgE, iliyogunduliwa katika miaka ya 1960 na Kimishige na Teruko Ishizaka, mume na mke kutoka Japani waliokuwa wakifanya kazi Marekani. Walinzi ni seli zilizopangwa kwenye ngozi, puani, mapafuni na utumboni, mahali mwili unapokutana na dunia ya nje. Kilio ni kemikali zinazomwagwa na seli hizo, maarufu zaidi ikiwa histamini. Histamini ikimwagika puani, kamasi na chafya. Ikimwagika kwenye ngozi, mabaka yaliyovimba na kuwasha. Mapafuni, njia za hewa hubana.

Ndiyo maana hoja ya "lakini nimekula karanga maisha yangu yote" haimkingi mtu. Sura huweza kukaririwa kimyakimya mwaka wowote, hata utu uzimani.

Swali linalonivutia kuliko yote ni kwa nini mwili ulijijengea silaha kama hiyo. Jibu wanasayansi wanaloliona lina nguvu ni minyoo. IgE ni sehemu ya ulinzi wa kale dhidi ya minyoo na vimelea wakubwa ambao seli moja haiwezi kuwameza. Kwa karne nyingi wazee wetu waliishi nao. Nao minyoo hawakukaa kizembe. Walijifunza kuituliza kinga ili wasifukuzwe. Ndipo likazuka wazo kwamba mwili uliozoea kutulizwa, minyoo wakiondoka, huanza kufoka ovyo.

Wazo hilo limepimwa hapa kwetu Uganda kuliko karibu mahali pengine popote, pale Entebbe, kwenye taasisi ya utafiti wa virusi iliyoanzishwa mwaka 1936 kuchunguza homa ya manjano. Kuanzia 2003 watafiti waliandikisha wanawake wajawazito 2,507. Wengine walipewa dawa ya minyoo, wengine vidonge visivyo na dawa, kisha watoto wao wakafuatiliwa kwa miaka. Watoto ambao mama zao walimeza albendazole, dawa ya minyoo, wakiwa wajawazito walipata ukurutu, ule ugonjwa wa ngozi kavu inayowasha ambao wengine huuita pumu ya ngozi, zaidi ya wale wengine.

Kuna walioisikia habari hiyo nusu wakaanza kusema basi tusiwape watoto dawa za minyoo. Hapana. Timu hiyohiyo baadaye ilikwenda kwenye vijiji 26 vya wavuvi katika visiwa vya Koome, Ziwa Victoria, ikagawa dawa za minyoo kwa wingi kwa miaka 3 katika vijiji vingine na kwa kiwango cha kawaida katika vingine. Kuhusu kifua kulia filimbi na dalili za mzio kwenye vipimo vya ngozi, hawakuona tofauti. Minyoo huwanyonya watoto damu na kuwadumaza, na kichocho huharibu maini. Aprili na Oktoba, dawa zinapoletwa shuleni na vijijini, mtoto ameze.

Minyoo ni kipande kimoja tu cha hadithi. Utafiti mwingine wa Entebbe, uliochapishwa 2019, uliangalia wanafunzi wenye pumu na wasio nayo, na ukaonyesha kwamba waliokulia mjini katika miaka yao ya kwanza walikuwa na hatari kubwa zaidi ya pumu kuliko waliozaliwa kijijini. Kuna kitu katika kukua karibu na mifugo, udongo na umati wa vijidudu ambacho huifundisha kinga uvumilivu. Kampala inapanuka kila mwaka kuelekea Wakiso na Mukono. Sishangai kwamba habari za aleji zimezidi midomoni.

Sasa turudi kwenye gunia tutoe yasiyostahili kuwemo.

Upupu unamwasha kila anayeugusa, tajiri kwa maskini, kwa sababu vinyweleo vyake vina kemikali inayochokoza ngozi moja kwa moja. Hiyo si aleji. Nzi wa Nairobi, yule mdudu mwembamba mwekundu na mweusi anayejitokeza msimu wa mvua, ukimponda shingoni anakuachia malengelenge kama ya moto. Ni sumu iliyo ndani ya mwili wake inayochoma, na ingemchoma yeyote. Mpeperushe, usimponde, na ukishamponda osha mahali hapo upesi kwa maji na sabuni. Vumbi jekundu la barabara za murramu na moshi wa kuni vinachokoza pua na macho ya watu wote pia. Hivi viwili, hata hivyo, vina hila: si chanzo cha mzio, lakini pua au mapafu yenye mzio tayari huteseka navyo mara mbili.

Yule mtoto wa maziwa? Tumbo lililonguruma lilihusu sukari ya maziwa iitwayo laktosi. Utotoni mwili huwa na kimeng'enya cha kuivunja. Kwa watu wengi wa Afrika hupungua wanavyokua, isipokuwa hasa katika jamii za wafugaji walioishi kwa maziwa vizazi na vizazi. Laktosi isipovunjwa hushuka hadi utumbo mpana, bakteria wakaifanyia karamu, gesi ikajaa. Kinga haimo kabisa katika jambo hilo, na Piriton haina la kufanya hapo. Mtoto kama huyo mara nyingi huvumilia maziwa ya mgando, kwa kuwa bakteria wa mgando wameshaila sehemu ya laktosi. Mzio wa kweli wa maziwa ni kitu kingine, huwapata hasa watoto wachanga: mabaka, midomo kuvimba, kutapika ghafla, na hata tone dogo huweza kuwatibua.

Naye mzee aliwashwa kweli, sikatai. Klorokwini iliwawasha Waafrika wengi mno, na walioikumbuka wanalijua jambo hilo. Ila kuwashwa kule kulitokana na dawa yenyewe kuchokoza njia za mwasho mwilini. Kinga haikuwa imekariri sura ya mtu. Dawa za mseto tunazotumia leo ni dawa tofauti. Mzee kukataa kila tembe ya malaria kwa sababu ya klorokwini ya ujanani ni hatari kubwa kuliko mwasho wowote, na hilo ndilo lililoniuma zaidi pale dukani.

Dawa zinastahili kusimama nazo kidogo, maana "nina aleji ya salfa" na "nina aleji ya penisilini" ni maneno yanayoandikwa kwenye daftari la hospitali na kumfuata mtu hadi kaburini. Kwa penisilini, watu wanaosema wanayo wakipimwa vizuri na wataalamu, karibu 9 kati ya 10 hukutwa hawana shida nayo. Wengine walipata upele wa ugonjwa wenyewe, wengine kichefuchefu, wengine waliambiwa na mama zao. Gharama yake ni kwamba siku ya nimonia wanapewa dawa ghali zaidi au isiyofaa sana. Usijipime mwenyewe nyumbani, lakini mweleze mhudumu kwa undani: ilikuwa dawa gani, ulipata nini, baada ya muda gani.

Kwa salfa ninageuza sauti. Septrin, ambayo watu wengi wanaoishi na virusi vya Ukimwi humeza kila siku, ina salfa, na kuna mzio wake unaokuja polepole, siku kadhaa au wiki chache baada ya kuanza dawa. Upele ukiandamana na homa, vidonda mdomoni au machoni, au ngozi inayoanza kuchubuka, si wakati wa kupaka mafuta na kusubiri. Acha dawa hiyo na uende hospitali siku hiyohiyo.

Mzio wa polepole ndio unaowapata pia bibi harusi. Hina ya asili ni salama kwa wengi, ila ile nyeusi tunayoita piko mara nyingi huwa na rangi ya nywele ndani yake. Ambaye mwili wake unaikataa hataona kitu usiku wa kupakwa. Siku moja hadi tatu baadaye maua yaleyale huvimba na kutoa malengelenge mkononi. Mwili ukishaikataa mara moja, kupaka nywele rangi nyeusi kwa maisha yake yote kunamhitaji tahadhari.

Na chakula? Hapa Uganda wasiwasi mwingi huelekezwa kwenye yai na nyama. Mimi ningetaja senene, wale panzi tunaowala. Novemba ikifika na taa za Masaka zikiwashwa juu ya mabati na mapipa kuwanasa, mji mzima unakula, na kila msimu kuna anayevimba midomo akashangaa. Senene, kamba wa baharini, mende na utitiri wa vumbi (wadudu wadogo mno wa godoroni) wana protini moja inayofanana sana, tropomiosini, na kukaangwa hakuiharibu. Mtu ambaye kinga yake imekariri sura ya utitiri kitandani, au kamba alipokuwa Mombasa, anaweza kumkosea senene asiyemfahamu kabisa.

Karanga nazo zina ushauri uliogeuka kichwa chini miguu juu. Zamani akina mama katika nchi nyingi waliambiwa wamcheleweshee mtoto karanga. Mwaka 2015 ukachapishwa utafiti wa London uliohusisha watoto 640 wa miezi 4 hadi 11, wote wakiwa na ukurutu mkali au mzio wa yai. Nusu walilishwa karanga mara kwa mara, nusu wakazuiwa. Walipofika miaka 5, mzio wa karanga kwa waliolishwa ulikuwa chini kwa takriban asilimia 80. Bibi zetu waliokoroga karanga zilizosagwa kwenye uji wa mtoto hawakukosea. Ziwe zimesagwa laini, maana punje nzima humpalia mtoto. Na mwenye ukurutu mkali aonwe kwanza na daktari.

Sasa kijana wa bodaboda. Chafya za asubuhi kabla ya kutoka kitandani zinaelekeza kidole kwenye kitanda chenyewe. Utitiri wa vumbi ni wadudu wasioonekana kwa macho, hula magamba ya ngozi tunayoyaacha kwenye godoro na mto, na kinachotutibua zaidi ni kinyesi chao. Unyevu wa kandokando ya ziwa wanaupenda. Godoro kuanikwa juani, shuka kufuliwa kwa maji ya moto kila wiki, godoro na mto kuvalishwa kifuniko kisichopitisha vumbi: hayo hupunguza, hayamalizi. Dawa ya kupulizia puani yenye steroidi, ikitumiwa kila siku, husaidia kuliko Piriton. Tena Piriton husinziisha, na kumpa mtu anayeendesha pikipiki barabara ya Tororo ni kumweka hatarini. Kama dawa ya kuzuia histamini inahitajika, cetirizine haisinziishi kama Piriton, ingawa naye aijaribu kwanza siku asiyoendesha. Antibiotiki hazikumhusu.

Kifua chake kinacholia usiku ndicho kinachonitia hofu. Mafua ya mzio na pumu ni ndugu wa tumbo moja, na anayepuuzwa ni pumu. Nasikia kila mahali kwamba ukianza pampu utaizoea, hutaweza kuishi bila hiyo. Pampu haina ulevi. Anayeihitaji kila siku anaihitaji kwa sababu uvimbe wa njia za hewa haujatibiwa, na hapo ndipo kosa letu lilipo: tunanunua ile ya bluu inayofungua njia kwa saa chache, tunaacha ile ya steroidi inayotuliza uvimbe wenyewe. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu haushauri tena vijana na watu wazima kutibiwa kwa ya bluu peke yake. Kwa mtoto asiyeweza kuvuta vizuri, chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitako, pampu ikachomekwa kwenye tundu, hufanya kazi ya kile kifaa cha dukani (spacer) kinachoshika dawa kabla mtoto hajaivuta. Watafiti wa Cape Town walilipima hilo zaidi ya miaka 20 iliyopita. Muulize mhudumu akuonyeshe namna ya kuitengeneza. Na kikohozi kikizidi wiki 2, kabla ya kusema ni aleji, kapime kifua kikuu.

Kuhusu vipimo, nitasema kwa ufupi. Kile kinachoaminika ni cha kuchoma ngozi kidogo na tone la kitu kinachoshukiwa, au damu kutafutiwa IgE, na vyote viwili husomwa pamoja na historia ya mgonjwa, kwa kuwa wapo wengi wenye IgE mwilini ambao hawaugui kitu. Mashine ya kushika mkononi inayodai kukusomea aleji 50 kwa dakika moja haipimi kitu. Tunza fedha zako.

Limebaki lile linaloua. Mtu ameumwa na nyuki, amekula kitu, au amechomwa sindano, na ndani ya dakika chache anapata mabaka mwili mzima, midomo na ulimi vinavimba, sauti inakwama, anahema, anatapika, anaishiwa nguvu. Umati umeingia soko zima kwa mpigo. Hapa Piriton haitoshi, hata kama ni ya sindano, na maziwa hayasaidii. Dawa ni adrenalini, inayochomwa kwenye msuli wa paja upande wa nje, upesi. Kwa mtu mzima ni nusu miligramu, na huweza kurudiwa baada ya dakika 5 ikibidi. Mlaze chali miguu ikiwa juu; anayeshindwa kupumua mwache aketi, lakini asisimamishwe wala kutembezwa, kwani wengine huanguka na kufa kwa kuinuliwa tu. Akishapata nafuu abaki kituoni kwa saa kadhaa, sababu wimbi la pili huweza kuja.

Kalamu za adrenalini ambazo wagonjwa wa Ulaya hutembea nazo mfukoni ni nadra kwetu. Lakini adrenalini ya kichupa ni ya bei nafuu, na imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kama nyumbani kwako kuna aliyewahi kuvimba hivyo hata mara moja, nenda wiki hii kwenye kituo cha afya kilicho karibu, uulize kama kichupa hicho kipo, na nani hushika ufunguo wa kabati Jumapili usiku.